Uzinduzi wa Kuzima

Zamani, si zile za kale bali hizi zenye suti na vipaza sauti, palikuwa na nchi moja yenye jua la kutosha na la kubakiza. Jina lake halina faida kwako, msomaji. Ukiona imefanana na nchi unayoijua, ilaumu hiyo unayoijua, kwani hii ya kwetu haina ugomvi na mtu.

Nchi hiyo ilikuwa na Jumba la Fahari. Mtukufu, kiongozi wa nchi, alikwenda ziara katika nchi ya mbali ambako watu hujifunika mpaka pua, akazawadiwa kalenda ya ukutani. Kwenye ukurasa wa Januari palikuwa na picha ya jengo refu la kioo kitupu, limezungukwa na theluji. Mtukufu akalipenda, akaagiza lijengwe vilevile nyumbani. Wataalamu hawakuuliza neno, maana mtaalamu anayeuliza huonekana hajui. Walijenga kila kilichokuwa pichani isipokuwa theluji, na kwa upungufu huo waliomba radhi.

Basi jumba likaja na tabia za kwao. Madirisha hayakufunguka, kwa kuwa huko lilikotoka kufungua dirisha ni kukaribisha homa ya mapafu. Kila chumba kilipitiwa na mabomba ya moto ya kuwapasha wakaaji joto. Baadaye mtu mmoja mwenye huruma aliona wakaaji wameanza kulowa jasho, akaongeza viyoyozi. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini wahenga hawakuwahi kufika Jumba la Fahari. Humo mabomba yalipasha na viyoyozi vilipoza mchana kutwa, na umeme wa mji mzima ukawa unakwenda kugharimia ugomvi wao. Jumba likinguruma, taa za mjini zinasinzia.

Utauliza kwa nini mabomba hayakuzimwa. Swali zuri, ila ni swali la mgeni. Siku ya kufungua jumba, Mtukufu mwenyewe alibonyeza swichi ya mabomba kwa kidole chake, na wananchi wakapiga makofi huku jasho linawatiririka. Na katika nchi hiyo kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa popote, lakini kila mtu alilijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake: kilichozinduliwa na mkono wa Mtukufu hakizimwi na mkono mwingine. Kisima alichokizindua kilipokauka, akina mama waliendelea kwenda na ndoo. Saa ya mnara aliyoizindua ilisimama saa nne asubuhi, na tangu hapo chai ya saa nne katika nchi hiyo imekuwa ndefu sana.

*

Katika jumba hilo kulikuwa na Wizara ya Majengo na Raha ya Wakaaji, na katika wizara hiyo kulikuwa na Bwana Machano. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu hata kwa milango; aliifunga polepole isije ikaumia. Wizara ilimpenda kwa sababu hiyo, na siku moja Waziri, Mheshimiwa Kizingo, akampa cheo kipya: Mkuu wa Kitengo cha Umeme Kidogo na Raha Nyingi.

Sababu ya cheo ilikuwa hii. Kulikuwa na wageni wakubwa wanaozunguka dunia wakitafuta jengo linalotumia umeme kidogo huku wakaaji wake wakiwa wamestarehe, ili walitunuku nishani. Waziri aliitaka nishani hiyo kama mtoto anavyotaka baiskeli ya jirani. Akamwita Machano, akamwambia wageni watakuja baada ya masika, na kwamba akifaulu atakumbukwa. Akishindwa pia atakumbukwa, lakini atakumbukwa akiwa Nyikani, kwenye kituo cha kupima mvua ambako mvua haijawahi kunyesha.

Machano hakuogopa Nyikani. Alichokuwa anakiogopa kilikuwa ghorofa ya kumi na moja.

Huko ndiko kulikokuwa na masjala, na masjala ndiko alikofanya kazi mkewe, Zuwena. Wakubwa wa jumba walikaa upande wa viyoyozi, kwa kuwa baridi ilikuwa sehemu ya cheo. Mkurugenzi asiyepiga chafya hakuheshimika. Wadogo walikaa upande wa mabomba, na masjala ilikuwa imekaa juu ya bomba kuu lenyewe. Tena Zuwena alikuwa mjamzito. Walikuwa wameisubiri mimba hiyo miaka mingi, wakaenda kwa madaktari na kwa mashehe, na sasa ilipokuja ilikuja mwaka wa mabomba. Tayari alikwishazimia mara moja kati ya makabati. Likizo ya uzazi hakuweza kupewa, kwani utaratibu ulisema likizo hutolewa mtoto akishaonekana ofisini.

Jioni ya siku aliyopata cheo, Machano alimkuta mkewe ameketi kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji. Alimweleza habari ya kupandishwa, na Zuwena akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ndiye Mkuu wa Raha," akasema.

"Ndiye."

"Basi nakuletea taarifa. Mimi na mwanao hatuna raha."

Machano akaanza kumweleza habari za mamlaka, na mkono wa Mtukufu, na ugumu wa mambo. Zuwena akatikisa miguu majini. "Mume wangu, swichi ina juu na ina chini. Mimi sikusoma umeme, lakini chini napajua."

Naye alipajua. Nchi nzima ilipajua. Usiku ule Machano hakupata usingizi, akawa anasikiliza mkewe anavyohema, na hofu ikamkaa kifuani kama mzigo wa kuni.

*

Waziri aliunda kamati, maana katika nchi hiyo tatizo lisilo na kamati lilionekana halijakomaa.

Kamati ilianza na mapazia. Jua linaingia kwa vioo, ikasema, basi tulizuie. Yakatundikwa mapazia mazito, giza likaingia, taa zikawashwa zote ili watu waone. Taa zikaleta joto lake, viyoyozi vikaongezwa kasi, wakurugenzi wakazidi kupiga chafya, wakaomba waletewe majiko madogo ya umeme ya kuota chini ya meza. Mwisho wa mwezi umeme ulikuwa umepanda, na kamati ikajipongeza kwamba angalau sasa sababu inajulikana: ni jua.

Kisha ikahamia kwenye vipimajoto. Vilivyokuwa masjala vilionyesha mambo ya kukatisha tamaa, kwa hiyo vikahamishiwa kwenye friji ya Waziri, ambako mara moja vilianza kutoa matokeo ya kuridhisha. Mjumbe mmoja, msomi wa lugha, akashauri kuwa tatizo si joto bali neno joto. Kuanzia Jumatatu neno hilo likapigwa marufuku jumbani, na mahali pake pakawekwa "ukarimu wa hewa". Ikawa mtu wa masjala akitaka kushuka kunywa maji anamwambia mkubwa wake kwamba ukarimu umemzidi.

Machano alivumilia vikao hivyo akiwa anahesabu wiki za mkewe moyoni. Siku moja akashindwa. Akanyanyua mkono, akaomba radhi kwa kunyanyua mkono, kisha akauliza kama kamati imepata kufikiria, kwa heshima zote, kuzima mabomba.

Viyoyozi vilionekana kusita. Mheshimiwa Kizingo akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. Akamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba alikuwa anamtegemea sana.

"Bwana Machano," akasema, "unatuchafulia hali ya hewa."

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba Mkuu wa Raha amechafua hali ya hewa ya jumba, na kwa kuwa hali ya hewa ndiyo kazi ya kitengo chake, kosa likahesabiwa mara mbili. Machano akakaa chini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, ambako ilikutana na joto lililokuwa huko tangu asubuhi.

*

Wiki hiyohiyo Zuwena alizimia mara ya pili.

Safari hii hakuzinduka haraka. Wenzake wa masjala walimbeba kwa ngazi, maana lifti ilikuwa ya wakubwa, wanawake kwa wanaume, ghorofa baada ya ghorofa. Walipofika chini hawakujua pa kumlaza, wakavuka barabara wakamweka kwenye baraza la Bohari Kuukuu.

Bohari hiyo ndiyo iliyokuwa wizara kabla ya kalenda. Ilikuwa na kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kukaa dirishani na miguu yake yote. Dari lake lilikuwa juu, mapaa yake yametoka nje kama kofia iliyovutwa usoni, na madirisha ya mbao yalielekea kule upepo unakotoka. Waliojenga hawakuwa na picha ya kuigia. Walikuwa na jua tu, na kila siku lilikuwa linawaunguza utosini mpaka wakaelewa. Siku hizi ndani yake mlikuwa na viti vilivyovunjika na mbuzi wa mlinzi.

Machano alifika mbio, viatu mkononi. Alimkuta Zuwena amefumbua macho, kichwa chake kimelazwa juu ya magunia, upepo unacheza na ncha ya mtandio wake. Mtoto anacheza tumboni, akamwambia, hana neno. Kisha akamwambia jambo moja zaidi, bila hasira.

"Kule juu sirudi, Machano. Wanifukuze wakitaka."

Machano alikaa chini kwenye baraza lile akashika mkono wa mkewe, akalia waziwazi, na wenzao wa masjala wakajifanya wanaangalia mbuzi.

Halafu akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka chini kabisa ya jumba, kwenye chumba cha mitambo. Mlinzi alikuwa mlangoni. Alipoona uso wa Machano akasema yeye anakwenda kunywa chai ya saa nne, na kwamba chai hiyo, kama ijulikanavyo, ni ndefu. Machano akabaki peke yake na swichi. Ilikuwa ndogo, nyekundu, chini yake kuna bamba la shaba lenye jina la Mtukufu. Akanyoosha mkono.

Mkono ukakataa. Aliusukuma kwa mkono wa pili, na huo wa pili nao ukagoma. Alimfikiria mkewe, akamfikiria mtoto, vidole vikabaki hewani bila kugusa kitu. Hapo ndipo alipogundua kwamba mikono yake ilikuwa watumishi wa umma kuliko yeye mwenyewe. Akasimama pale akijichukia, macho yamemkodoka kwenye lile bamba, akisoma neno moja mara kwa mara: *imezinduliwa, imezinduliwa, imezinduliwa*. Na alipolisoma vya kutosha, likampa wazo.

*

"Mheshimiwa," alimwambia Waziri asubuhi iliyofuata, "nilikosea. Hatuzimi."

"Afadhali."

"Tunazindua."

"Tunazindua nini?"

"Kuzimwa kwa mabomba."

Mheshimiwa Kizingo alitazama dari, akatazama picha ya Mtukufu ukutani, akapiga chafya. Kisha tabasamu likaanza kumtoka upande mmoja wa mdomo, likafika upande wa pili.

"Awamu ya Kwanza," akasema.

Zikachapwa fulana. Kwaya ikatunga wimbo. Mtukufu aliposikia kuna uzinduzi hakuuliza ni wa nini, kwani hakuwa mtu wa kuuliza mambo madogo. Siku ilipofika, umati ulijaa mpaka chumba cha mitambo, na Zuwena aliketishwa nje kivulini, kwenye baraza la bohari, akisikiliza kwa vipaza sauti.

Mtukufu alihutubia. Alisema kuwasha si kazi, hata kiberiti kinawasha. Alisema mataifa makubwa yamekuwa yakiwasha kwa miaka na miaka, na yamefika wapi? Alisema yeye ameona mbali, na aliona mbali tangu siku alipowasha, kwa maana asiyewasha atazima nini? Watu wakashangilia mantiki hiyo. Mwishoni akatangaza kwamba kuanzia leo nchi hii itakuwa ya kwanza duniani kuzima kwa hiari yake yenyewe, bila kushinikizwa na mtu.

Sasa, watu wa itifaki walikuwa wamefanya kosa dogo la upendo. Waliona swichi ya mabomba inapendeza kwa wekundu wake, na zile nyingine ukutani zinaonekana za kijivu, masikini, wakazionea huruma. Wakazipaka zote rangi nyekundu. Mtukufu alipogeuka akakuta ukuta mzima wa swichi nyekundu zinamtazama. Hakusita. Kiongozi wa nchi hawezi kubonyeza swichi ndogo wakati kubwa ipo, akashika ile kubwa kuliko zote kwa mikono miwili, akaishusha.

Mabomba yakazimika. Viyoyozi vikazimika, taa zikazimika, lifti ikasimama na naibu katibu ndani yake, na wimbo wa kwaya uliokuwa ukitoka kwenye vipaza sauti ukakatika katikati ya neno "daima". Giza likawa giza. Ndani ya giza hilo mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wote wakafuata.

Na kwa kuwa kilichozinduliwa na mkono wa Mtukufu hakiguswi na mkono mwingine, umeme wa Jumba la Fahari haukuwashwa tena.

*

Jumba la kioo lisilo na upepo wala kiyoyozi ni chungu kilichofunikwa. Kufikia adhuhuri wakurugenzi walikuwa wamevua makoti, kufikia alasiri tai, na kesho yake kila mtu alishuka na meza yake, wakavuka barabara. Viti vibovu vikatolewa, mbuzi wakahamishwa, madirisha ya mbao yakasukumwa kwa mabega mpaka yakafunguka. Wakubwa na wadogo wakakaa baraza moja katika upepo uleule, na watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi wakaonana kwa mara ya kwanza bila mmoja kutetemeka na mwingine kulowa. Taa za mjini zikaacha kusinzia. Kazi nazo zilifanyika, jambo lililowashtua baadhi.

Zuwena alifanya kazi zake chini ya dirisha kubwa mpaka siku yake ilipofika. Akajifungua salama, mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Baada ya siku chache akamleta ofisini ili aonekane, kama utaratibu unavyotaka, na likizo yake ikaidhinishwa. Machano alimpakata mwanawe barazani, akahisi kwamba hana tena anachokidai duniani.

Siku hiyohiyo Waziri alimwita pembeni. Wageni wanakuja, akamwambia, na habari ni njema: Jumba la Fahari sasa halitumii umeme hata chembe. Hakuna jengo duniani linaloweza kushindana nalo. Tatizo ni moja tu. Nishani inataka wakaaji waliostarehe, na jengo lisilo na mkaaji ni bohari, kama vile bohari yenye wakaaji sasa haijulikani ni nini.

Machano akauliza kwa sauti ndogo Mheshimiwa anakusudia nini.

"Ama warudi wote juu," akasema Mheshimiwa Kizingo, "ama arudi mmoja kwa niaba yao. Mmoja akitulia vizuri, kwa hesabu zetu, raha ni asilimia mia."

Machano akageuka akatazama barazani. Zuwena alikuwa anamnyonyesha mtoto, mtandio wake unapepea, anacheka na mtu wa masjala. Hakuhitaji kuangalia mara mbili.

"Nitarudi mimi," akasema.

Hivyo ndivyo alivyopata cheo cha Mkaaji Mkuu. Kila asubuhi alipanda ngazi kwa miguu mpaka ghorofa ya kumi na moja, kwa kuwa huko ndiko alikoonekana vizuri zaidi kutoka barabarani, akakaa mezani amevaa suti, na jioni akashuka amepungua. Zuwena aligombana naye kila usiku kwa ajili hiyo, na kila usiku Machano akamjibu kwamba ni mpaka wageni waondoke tu.

*

Wageni walikuja saa sita mchana, wakati jua linapokuwa halina mzaha. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mrefu aliyejifunza lugha ya nchi kwa bidii katika hoteli ya ufukweni alikofikia. Walipimapima nyaya, wakakuta kweli umeme haupiti hata kidogo, wakatazamana kwa mshangao wa heshima. Kisha mgeni mkubwa akainua uso, akamwona mtu kule juu nyuma ya kioo. Mtu huyo alikuwa amesimama, ameshika jalada la faili, analipeleka kushoto na kulia mbele ya uso wake bila kupumzika.

"Yule bwana anafanya nini?" akauliza.

"Anatupungia mkono," akasema Mheshimiwa Kizingo, naye akainua mkono akampungia. Wageni wote wakampungia.

Zuwena alikuwa amesimama kando ya baraza, mtoto begani. Alivumilia kidogo, akaona wanavyopunga mikono huku wanacheka, moyo ukamchemka. Akashuka barazani, akawapita watu wa itifaki, akasimama mbele ya mgeni.

"Mama, mimi ni mke wake yule," akasema. "Hampungii mtu mkono. Anajipungia upepo."

Mgeni hakuyapata vizuri maneno yale, akamgeukia Waziri amfafanulie. Na Mheshimiwa Kizingo akamfafanulia kwa uaminifu wote. Ila kwa kuwa ilikuwa siku ya kubana matumizi, akabana na herufi chache.

"Mkewe anasema, anapunga upepo."

Uso wa mgeni ukang'aa. Maneno hayo aliyajua. Kila jioni hotelini walimwekea kiti kizuri na kinywaji, wakamwambia karibu mama, upunge upepo. Akamshika Zuwena mabega, akambusu yeye na mtoto, akawageukia wenzake akawaeleza kwa lugha yao kwamba umeme hakuna, na mkaaji huyo hapo anapunga upepo, na ushahidi umetoka kwa mke wa ndoa. Wakapiga makofi yote waliyokuwa nayo.

Kule juu Machano aliwaona wanampigia makofi. Hakusikia kitu, maana kioo kilikuwa kinene, cha kisasa. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu. Akaweka jalada kifuani, akainama kidogo kushukuru, jasho likamdondokea viatuni, kisha akainuka akaendelea kupunga.